Damu ya Saa Sita Usiku

Wanaoandika historia ya saa ya mwili karibu wote huanza na Mfaransa na mmea wake. Mwaka 1729, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alichukua mmea wenye tabia kama ya kifauongo, unaofumba majani jioni na kuyafumbua asubuhi, akaufungia gizani. Mmea ukaendelea kufumba na kufumbua kwa zamu zake bila kuonyeshwa jua. Sina ugomvi na mwanzo huo. Lakini mimi ni mstaafu wa maabara, na kazi iliyonilisha ilikuwa damu, tena damu ya usiku, kwa hiyo historia hii niliiingilia mlango wa uani. Ninavyoihesabu mimi, inaanza Xiamen, kusini mwa China, katika miaka ya 1870, kwa daktari Mskoti aliyeajiriwa na idara ya forodha, na wasaidizi wake wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku.

Daktari huyo, Patrick Manson, alikuwa akitafuta chanzo cha matende. Alijua kwamba damu ya wagonjwa ina vijinyoo vyembamba ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Mwaka 1877 aliwaacha mbu wamnyonye mtunza bustani wake, Hin Lo, aliyekuwa na vijinyoo hivyo, kisha akawapasua mbu wale siku baada ya siku na kuviona vikikua ndani yao. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba mbu anaweza kulea kimelea cha ugonjwa wa binadamu. Vitabu vya tiba humsifu kwa hilo. Mimi humsifu kwa lililofuata. Majibu ya wasaidizi wake waliokuwa wakipima damu za watu hayakulingana: wa usiku alikuta vijinyoo mara nyingi kuliko wa mchana. Bosi mwingine angemkaripia wa mchana kwa uvivu. Manson aliagiza wagonjwa walewale wapimwe tena na tena kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Majedwali yalipojaa, mambo yakawa wazi. Jua likizama, vijinyoo huanza kujitokeza katika damu ya karibu na ngozi, hufikia kilele kwenye saa sita usiku, na kukikucha hutoweka.

Karibu miaka mia moja baadaye sisi wa mwambao tulikuwa bado tunafuata ratiba hiyohiyo. Matende na mabusha yalikuwa ugonjwa wa pwani yote, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, na visiwani pia. Aliyetaka kujua kijiji kina maambukizi kiasi gani ilibidi awafuate watu usiku. Gari letu lilitoka Tanga jioni likiwa na taa za karabai, sindano za kuchomea kidole, spiriti, pamba na masanduku ya vioo. Watu walikusanyika shuleni au chini ya mwembe ulio karibu na msikiti. Hata wakifika mapema, hatukuchoma kidole kabla ya saa nne usiku, na wa mwisho alichomwa saa saba au zaidi, mtoto wake kalala begani. Damu iliachwa ikauke juu ya kioo hadi kesho, ikatolewa wekundu kwa maji, ikapakwa rangi ya Giemsa. Chini ya hadubini kijinyoo cha matende ni uzi wa zambarau uliojikunja, umevaa ala nyembamba inayozidi urefu wa mwili, na ndani yake zimepangika nukta nyingi ambazo hazifiki ncha ya mkia. Ncha hiyo tupu ndiyo alama yake. Ukishaizoea huwezi kumchanganya na mwingine.

Kwenye kila kioo tuliandika namba ya mtu na saa aliyotolewa damu. Saa ilikuwa lazima. Damu ya saa nne na damu ya saa saba hazihesabiki sawa, na kulikuwa na vizidisho vya kusahihisha hesabu kulingana na saa. Kioo kisicho na saa kilikuwa kama hakikuchukuliwa.

Kutoa watu damu usiku katika pwani yetu si jambo dogo. Wazee walikuwa wamekua na habari za mumiani, na hawa hapa watu wa serikali wamekuja na gari gizani na vichupa. Ilibidi mwenyekiti wa kijiji atangulie kuchomwa mbele ya wote. Bibi mmoja, nilipomwamkia na kumshika kidole, alinitazama kwa muda kabla ya kukiachia.

"Mjukuu wangu, damu ya mchana ina ubaya gani?"

"Haina ubaya, bibi. Ila mchana wadudu wamejificha mapafuni. Usiku ndio wanatoka."

"Na huko mapafuni nani huwaambia kumekucha?"

Watu walicheka, nami nikacheka, kisha nikamchoma. Lakini alikuwa ameuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa usiku ule. Inasimuliwa kwamba London nako, habari za Manson zilipofika, kuna aliyeuliza kwa kejeli kama vijinyoo hivyo vinatembea na saa mfukoni.

Jibu la kwanza lilipatikana London hukohuko mwanzoni mwa miaka ya 1880. Daktari Stephen Mackenzie alikuwa na mgonjwa mwenye vijinyoo. Akamgeuzia maisha, alale mchana na akeshe usiku. Baada ya siku chache vijinyoo navyo viligeuka, vikawa vinajaa katika damu mchana. Kwa hiyo havikufuata jua, vilimfuata mtu. Manson baadaye aliupasua mwili wa mgonjwa aliyefariki asubuhi, akavikuta vimejazana kwenye mishipa ya mapafu. Katika karne ya ishirini Frank Hawking, mtafiti aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki na ambaye dunia inamjua zaidi kama baba wa mwanafizikia Stephen Hawking, alionyesha kwamba vijinyoo hivyo husikiliza hali ya oksijeni katika damu. Ukimpa mgonjwa oksijeni usiku, hesabu yao katika damu ya kidole hushuka. Mwili wa mtu hubadilika kati ya mchana na usiku, na mgeni aliyemo ndani hubadilika nao.

Hapo swali la bibi likahamia kwa binadamu: na mwili wenyewe nani huuambia?

Kabla ya kuvuka bahari kulifuata jibu, nipite Uganda, kwa kuwa kuna watu walioikesha historia hii juu ya miti. Taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ilianzishwa Entebbe mwaka 1936 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller. Katika miaka ya 1940 mtaalamu wake wa wadudu, Alexander Haddow, alitaka kujua mbu gani anauma lini na kwa urefu gani msituni. Yalijengwa majukwaa mitini, Bwamba na kwingineko, na vijana wenyeji wakakaa juu yake saa 24 kwa zamu, wakiwanasa kwa vichupa mbu waliotua miilini mwao. Kila saa ilikuwa na chupa yake. Ndivyo ilivyojulikana kwamba mbu aitwaye Aedes africanus, yuleyule aliyekutwa na virusi vya Zika mwaka 1948, huuma kwa fujo katika saa moja tu baada ya jua kuzama, kule juu kwenye vilele vya miti. Angehesabiwa mchana, chini, katika saa za kazi za serikali, asingeonekana kuwa hatari.

Mwingereza Colin Pittendrigh alikuwa Trinidad wakati wa vita kuu ya pili akipambana na mbu wa malaria, akaona naye jinsi kila aina inavyoshika saa yake ya kuuma. Vita vilipokwisha alihamia Marekani, akaacha mbu na kuchukua nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Nzi hawa hutoka kwenye maganda yao ya pupa alfajiri, wakati hewa ina umande na mabawa mapya hayawezi kukauka vibaya. Mwaka 1954 alionyesha kwamba hata kwenye giza, na hata joto likibadilishwa, mzunguko huo hubaki karibu saa 24. Jambo hilo ni la ajabu zaidi ya linavyosikika. Karibu kila kitu cha kikemia ndani ya mdudu huenda mbio joto likipanda. Kitu hiki hakikwenda mbio. Hiyo ni sifa ya saa. Miaka ya 1930 Mjerumani Erwin Bünning alikuwa ameshachanganya maharagwe ya mizunguko tofauti na kupata watoto wenye mzunguko wa katikati. Basi saa ilikuwepo, na ilirithiwa. Iko wapi, na imetengenezwa kwa nini, hakuna aliyejua.

Aliyeikamata ni mwanafunzi. Ron Konopka alikuwa akisomea udaktari wa falsafa katika chuo cha Caltech, Pasadena, California, chini ya Seymour Benzer, mwanafizikia aliyehamia biolojia na kuamini kwamba hata tabia inaweza kufuatiliwa hadi kwenye jeni moja. Wataalamu wengi waliamini kwamba saa ya mwili ni jambo la jeni nyingi zinazosaidiana, na kwamba kuharibu moja hakutaonyesha kitu. Konopka aliwapa nzi madume kemikali inayoharibu jeni, akazalisha koo kama 2,000, na kila ukoo akautazama unatoka lini kwenye pupa. Hakuhitaji mashine ya gharama. Alihitaji chupa, subira, na kuwepo saa ambazo nzi wa kawaida hawatoki.

Alipata koo tatu. Wa kwanza ulitoka ovyo, mchana na usiku, bila saa yoyote. Wa pili ulikuwa na siku ya saa 19. Wa tatu siku yake ilikuwa saa 28. Alipofuatilia urithi, zote tatu zilimpeleka mahali pamoja kwenye kromosomu ya X: jeni moja, iliyoharibika kwa namna tatu tofauti. Moja inasimamisha saa, moja inaiharakisha, moja inaichelewesha. Max Delbrück, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa biolojia duniani na mwenyeji wa Caltech hapohapo, aliposikia alisema haiwezekani. Benzer alimjibu kwamba imeshafanyika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971, na jeni ikaitwa period.

Konopka hakuneemeka. Hakuwa mtu wa kuchapisha haraka haraka. Caltech ilimkatalia kazi ya kudumu, na baadaye akaachana na sayansi kabisa. Alifariki Februari 2015, miaka miwili na miezi kadhaa kabla ya tuzo ya Nobel kutolewa kwa kazi iliyosimama juu ya chupa zake. Tuzo hiyo haipewi aliyekwisha kufa.

Kwa miaka zaidi ya kumi jeni ya period ilikuwa jina tu kwenye ramani. Wakati huo hapakuwa na njia ya kuikata na kuisoma. Njia ilipopatikana, yalianza mashindano. Upande mmoja ulikuwa Chuo Kikuu cha Brandeis, katika mji wa Waltham, Massachusetts, ambako Jeffrey Hall alijua nzi na Michael Rosbash alijua RNA. Wawili hao walikuwa marafiki wa kucheza mpira wa kikapu kabla hawajawa washirika wa maabara. Upande wa pili alikuwa Michael Young, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mwaka 1984 pande zote mbili ziliikata jeni hiyo na kuirudisha ndani ya nzi wasio na saa. Nzi wakaanza tena kulala na kuamka kwa wakati. Ushahidi ulikuwa kamili: kipande hiki cha DNA ndicho.

Kisha wakakwama. Jeni huagiza protini. Protini hii, PER, inafanya nini? Herufi zake zilifanana kidogo na protini za utando wa seli, ikadhaniwa inaunganisha seli na seli. Miaka ikapita kwenye njia hiyo. Kilichowatoa ni kazi ya aina niliyoizoea mimi. Kathleen Siwicki, Brandeis, alipaka rangi vichwa vya nzi waliouawa saa mbalimbali za mchana na usiku, na mwaka 1988 ikaonekana kwamba PER hupungua mchana na kujaa usiku. Waliochukua sampuli mchana tu walikuwa wakitazama saa ikiwa karibu tupu.

Baada yake Paul Hardin, mtafiti kijana katika maabara ya Rosbash, aliuliza kama RNA ya jeni hiyo, ile nakala inayotoka kwenye jeni kwenda kutengeneza protini, nayo hupanda na kushuka. Jaribio lake nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa kuwa lingefanyika hata katika maabara yetu tungekuwa na nzi na kemikali za mionzi. Nzi hulelewa saa 12 za mwanga na saa 12 za giza mpaka waizoee ratiba. Kisha, kila baada ya saa chache kwa mzunguko mzima, kundi moja hugandishwa ghafla. Ukitikisa chupa ya nzi waliogandishwa, vichwa hukatika shingoni. Unavipitisha kwenye chekecheo, miili inabaki juu na vichwa vinaanguka chini. Vichwa vinasagwa, RNA inatolewa, inachanganywa na kipande chenye mionzi kinachoishika RNA ya period peke yake. Kimeng'enya hula kila kisichoshikwa. Kilichosalia kinasukumwa kwa umeme ndani ya jeli, na jeli inalazwa juu ya filamu. Filamu ikisafishwa unaona safu ya vistari vyeusi, kila kistari saa moja ya siku. Vya mchana ni hafifu. Vya mwanzo wa usiku ni vyeusi tititi. Kuelekea asubuhi vinafifia tena.

Hardin hakuishia hapo. Katika nzi wenye siku fupi, RNA ilizunguka kwa siku fupi. Katika nzi wasio na saa haikuzunguka kabisa. Ndipo akawawekea nzi hao wasio na saa jeni nzima kutoka nje, na RNA ya ile jeni yao mbovu, iliyokuwa imelala, ikaanza nayo kupanda na kushuka. Maana yake ni moja: protini PER hurudi nyuma na kuiamuru jeni iliyoizaa. Makala ilitoka mwaka 1990, na ndiyo msingi wa yote yaliyofuata.

Ukitaka kuiona saa hiyo, fikiria tangi la maji lenye boya. Maji yakijaa, boya linapanda na kufunga bomba. Yakitumika, linashuka na kufungua. PER ikijaa ndani ya kiini cha seli hufunga jeni yake. Ikichakaa na kwisha, jeni hufunguka. Tofauti ni kwamba boya hili linachelewa. RNA hufikia kilele mwanzo wa usiku na protini hufikia kilele saa kadhaa baadaye, kuelekea alfajiri. Bila kuchelewa huko kiasi kingetulia mahali pamoja. Kuchelewa ndiko kunakoleta kupanda na kushuka, na kupanda na kushuka kunachukua siku moja.

Nani anachelewesha? Hilo lilijibiwa New York. Mwaka 1994 Amita Sehgal na wenzake katika maabara ya Young walipata jeni ya pili, timeless, ambayo protini yake hushikana na PER ili ziingie pamoja ndani ya kiini. Protini hiyo huharibiwa na mwanga, na ndiyo maana mwanga unaweza kuisahihisha saa ya nzi. Mwaka 1998 Jeffrey Price, katika maabara hiyohiyo, alipata doubletime, kimeng'enya kinachoitia alama PER ivunjwe na hivyo kuchelewesha kujaa kwake. Upande wa kufungua bomba ulitoka kwa panya: Joseph Takahashi na wenzake, karibu na Chicago, walipata panya wenye siku ndefu mwaka 1994, na mwaka 1997 wakaisoma jeni iliyoharibika, wakaiita Clock. Nzi nao walikutwa wana ya kwao, pamoja na mwenzake aitwaye cycle. Katika muda mfupi kutoka 1994 hadi 1998 saa iliwekwa mezani ikiwa karibu na vipuri vyake vyote, na vipuri vya nzi na vya panya vikawa ndugu.

Vya binadamu pia. Huko Utah kulikuwa na familia ambayo watu wake walisinzia saa moja na nusu usiku na kuamka saa kumi na nusu alfajiri, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2001 kundi la Ying-Hui Fu na Louis Ptáček lilionyesha kwamba wana badiliko la herufi moja katika jeni ya PER2, ndugu wa period ya nzi, mahali hasa ambapo ndugu wa doubletime huweka alama yake. Pwani yetu mtu wa namna hiyo angesifiwa kwa kuwahi swala ya alfajiri na kulaumiwa kwa kulala mapema, na yote mawili yasingekuwa hiari yake. Hall, Rosbash na Young walipewa Nobel mwaka 2017. Simu ya kumpasha Rosbash habari ilimwamsha kabla ya jua.

Kwetu historia hii haikuishia kwenye tuzo, kwa kuwa vimelea wetu nao walikutwa wana saa. Mwaka 2017 Filipa Rijo-Ferreira, aliyefanya kazi kati ya Lisbon na Dallas, alionyesha kwamba vimelea vya malale vikiwa peke yao kwenye chupa, bila mtu wala mnyama wa kufuata, huwasha na kuzima sehemu ya jeni zao kwa mzunguko wa siku, na kwamba kuuawa kwao na dawa ya suramini hutofautiana kwa saa. Mwaka 2020 yeye na Takahashi, na kundi jingine la Chuo Kikuu cha Duke, walichapisha ushahidi kwamba vimelea vya malaria vina mwendo wao wa ndani unaoweza kuendelea bila kuelekezwa na mwenyeji. Mgonjwa wa malaria anayetetemeka kwa vipindi anasikia vimelea vikipasua chembe za damu kwa pamoja. Kijinyoo cha matende kinamfuata mtu. Vimelea vya malale na vya malaria vina kalenda yao.

Mwaka 2018 jambo hili lilifika Nairobi. Ramani nyingi za jeni na saa zilikuwa za panya, mnyama wa usiku. Mwaka 2014 ilikuwa imeonyeshwa kwamba asilimia 43 ya jeni za panya zinazotengeneza protini huwa na mzunguko wa siku katika kiungo kimoja au kingine. Lakini sisi ni viumbe wa mchana. Satchidananda Panda wa Taasisi ya Salk, California, na Ludovic Mure walishirikiana na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, Nairobi. Walichukua sampuli za nyani wa kawaida wa nyika zetu, Papio anubis, kila baada ya saa mbili kwa saa 24, tishu 64, kuanzia ubongo hadi utumbo. Zaidi ya asilimia 80 ya jeni zinazotengeneza protini zilikuwa na mzunguko wa siku mahali fulani mwilini. Kazi nyingi za jeni zilijazana karibu na mapambazuko na machweo, na mwanzo wa usiku ukawa na utulivu. Miongoni mwa waandishi wa makala hiyo wamo Ngalla Jillani, Maini Ngotho na Thomas Kariuki. Nililisoma hilo kwa furaha ya pekee. Msaidizi wa usiku wa Xiamen anatajwa vitabuni kama msaidizi tu, na waliokesha mitini Uganda hutajwa kwa wingi wao. Waliokesha Karen wana majina.

Kukesha kwa ajili ya matende sasa kumepungua. Kipimo cha protini ya mnyoo mkubwa kinafanya kazi saa yoyote, na kampeni ya kingatiba iliyoanza Mafia mwaka 2000 imeendeshwa sana kwa vipimo vya mchana. Hakuna anayefurahi kuliko mimi kwamba watoto sasa wanalala usiku mzima. Ila pamoja na taa za karabai, imeondoka na ile desturi ya kuandika saa. Fomu nyingi za maabara nilizoziona miaka yangu ya mwisho kazini zilikuwa na jina, umri, kijiji na tarehe. Pale penye nafasi ya saa, palikuwa patupu. Daktari anajua kwamba homoni ya kotisoli ya asubuhi na ya jioni ni namba mbili tofauti, lakini karatasi iliyofika mezani haimwambii ameshika ipi.

Sampuli zetu zinajaa kwenye majokofu ya utafiti kote Afrika Mashariki, zikisubiri mashine zitakazosoma jeni zote zinazofanya kazi ndani yake. Zipo programu zinazojaribu kukisia, kutokana na jeni zenyewe, damu ilitolewa saa ngapi, na zinazidi kuwa hodari. Ni kazi kubwa ya kihesabu, yenye kompyuta ghali na wataalamu wengi, kutafuta jambo ambalo aliyeshika sindano alilijua na kalamu alikuwa nayo.